Kabla Hujamtoa Zizini: Namna ya Kujua Kama Mfugo Ana Mimba, na la Kufanya Ukishajua

Mimi ni mkaguzi wa nyama. Siku moja, kama saa kumi alfajiri, mchunaji alifungua tumbo la ng'ombe mwekundu aliyeletwa kwa jina la tasa, akaniita: "Bosi, njoo umwone tasa wako." Ndani ya kizazi kulikuwa na ndama jike, kwato bado laini kama mpira, manyoya ndiyo kwanza yanaanza kuenea mgongoni. Nikachukua futi kamba, nikampima kutoka utosini hadi shina la mkia: sentimita 70. Hiyo ni mimba ya miezi saba na nusu.

Mzee aliyemuuza nilikuwa namfahamu. Siku ya mnada nikamwamkia, nikamuuliza kulikoni. "Marahaba mwanangu. Ng'ombe kakauka maziwa, dume analala naye zizi moja. Mimi nikasema huyu kizazi kimefunga." Kumbe kukauka kwenyewe kulitokana na mimba.

Watu wanadhani suala hili linamalizwa machinjioni. Machinjioni tumeshachelewa. Jike ameshasafiri, fedha zimeshatoka, mchuuzi ameshalipa ushuru, na mimi nikisema "huyu arudi" nageuka adui wa watu wanne kwa mpigo. Mahali pa kumaliza jambo hili ni zizini, siku mbili tatu kabla ya mnada. Mwongozo huu nimeuandika kwanza kwa ajili ya mfugaji, kisha mnunuzi, na mwishoni kidogo kwa wenzangu wa machinjioni.

Anza na tarehe

Ng'ombe hubeba mimba siku 283 kwa wastani, na hawa wetu wa kienyeji mara nyingi huzidisha siku chache. Mbuzi na kondoo ni siku 150 hivi. Nguruwe 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Punda mwaka mzima, ngamia miezi 13.

Hesabu ya haraka kwa ng'ombe: chukua tarehe aliyopandwa, rudi nyuma miezi mitatu, ongeza siku kumi. Aliyepandwa tarehe 5 Machi mtarajie kuzaa karibu na 15 Desemba. Kwa mbuzi, hesabu miezi mitano mbele kisha toa siku tatu: 5 Machi inakupeleka 2 Agosti.

Utaniambia dume wako yuko na majike mwaka mzima, tarehe utaipata wapi? Muulize anayechunga. Kijana anayeshinda na kundi porini anajua nani kapandwa na nani kamkimbia dume, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Mpe daftari, au kama hajui kuandika, mpe kamba afunge fundo kwa kila jike anayepandwa na akutajie jina jioni ileile. Majina mnayo: Mwekundu, Kipara, Mama Mapacha.

Baada ya siku 21 mwangalie tena. Ng'ombe aliyepandwa Jumatatu asiposhika mimba, hurudi kwenye joto Jumatatu ya wiki ya tatu, siku moja au mbili mbele au nyuma. Mbuzi ni karibu hivyohivyo, kondoo ni siku 17. Asiporudi kwenye joto, mhesabu kuwa ana mimba mpaka ithibitike vingine. Usiseme moja kwa moja kuwa ameshika, maana njaa nayo hufunga joto, na mwezi wa kumi majike wengi wamekonda mpaka hawapandwi kabisa. Lakini pia usimwite tasa.

Neno hili "tasa" tulitumie kwa uangalifu. Tazama pembe: kwa jike mtu mzima, pete za pembe huendana kwa kiasi fulani na mara alizozaa. Jike mwenye pete tatu aliyekaa miaka miwili bila ndama kizizini mwako ana sababu yake, na sababu hiyo inaweza kuwa njaa, dume mbovu, au brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe wa kienyeji huzaa kwa nafasi ndefu, mwaka mmoja na nusu hata miwili. Ukimuuza kwa kuwa mwaka umepita, utakuwa unauza wazima.

Macho na ngumi

Mtazame asubuhi kabla hajala wala kunywa. Simama nyuma yake, hatua tatu hivi. Tumbo la majani liko kushoto. Ndama hujaa zaidi chini upande wa kulia. Aliyevimba kushoto ameshiba. Aliyetuna chini kulia, mimba ipo, tena ni kubwa. Wachuuzi wengine huwalambisha chumvi ng'ombe usiku wa kuamkia mnada ili wanywe maji wajae, kwa hiyo tumbo la mnadani usiliamini hata kidogo.

Kuanzia mwezi wa saba unaweza kumgusa kwa ngumi. Simama kulia kwake, kunja ngumi, iweke chini ya ubavu mbele kidogo ya kiwele. Sukuma ndani kwa mshtuko mdogo, halafu usiondoe mkono, uache palepale. Kama ndama yupo utasikia kitu kigumu kinaondoka, kisha kinarudi kukugonga, mfano wa nazi inayoelea kwenye ndoo ya maji. Usipige, wala usirudie mara kumi. Mara tatu zinatosha. Njia nyingine ni kumnywesha maji ya baridi ukakaa ukitazama ubavu wa kulia. Mara nyingi ndama hushtuka na utaona ngozi inachezacheza.

Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, ana dalili yake. Kuanzia kama mwezi wa tano kiwele huanza kujaa, na ukiminya chuchu kidogo hutoka ute mzito unaonata kama asali. Asiye na mimba hutoa kitu cha majimaji tu, au hakitoki kitu. Minya mara moja, chuchu moja, basi. Ute ule ni kizibo, ukiuondoa unafungua mlango wa ugonjwa wa kiwele. Kwa ng'ombe aliyekwishazaa, kiwele hakikusaidii. Hujaa wiki chache tu kabla ya kuzaa.

Mbuzi ni rahisi zaidi. Mpanulie miguu ya nyuma, inama nyuma yake, pitisha mikono yote miwili chini ya tumbo mbele ya kiwele, uinue taratibu na kuachia. Baada ya mwezi wa tatu utasikia vitu vigumu vinateleza vidoleni. Jihadhari na mimba ya maji: mbuzi hutuna kabisa, siku zinatimia, halafu anamwaga maji mengi na hakuna mtoto. Yule hana hasara, mara nyingi hushika tena.

Wenye ngamia hawanihitaji mimi. Huko kaskazini mwa Kenya mchunga ngamia hutazama mkia tu: jike aliyeshika mimba, dume akimsogelea, huukunja mkia juu. Wiki mbili tatu baada ya kupandwa, jibu wanalo.

Mkono wa daktari

Macho yanakupa mimba kubwa. Mimba ya miezi miwili hadi mitano, ambayo ndiyo inayopotea kwa wingi kwa kuwa haionekani, inahitaji mkono. Daktari wa mifugo au mtaalamu mwenye mafunzo huvaa glavu ndefu ya hadi begani, akaingiza mkono kwa njia ya haja kubwa na kukishika kizazi kupitia ukuta wa utumbo. Mwenye uzoefu anajua kuanzia wiki ya sita au ya nane. Kipimo chao cha zamani kinafurahisha: mwezi wa pili mtoto ni kama panya wa nyumbani, wa tatu panya buku mdogo, wa nne paka mdogo, wa tano paka mkubwa, wa sita mbwa mdogo. Na kuanzia mwezi wa nne mshipa mkubwa wa damu unaolisha kizazi huanza kuvuma chini ya kidole badala ya kudunda. Kijana wa chuo aliyekuja kwetu mafunzoni alipousikia mara ya kwanza alisema: "Mna nyuki humu."

Wewe usijaribu. Utumbo hutoboka, na mimba ya wiki tano sita ukiibinya vibaya inaharibika.

Kwa mbuzi na kondoo mkono hauingii, ndipo inapohitajika mashine ya picha, ambayo huona kuanzia mwezi mmoja hivi. Wachache wanayo vijijini. Panga na wenzako: kijiji kizima kifunge majike siku moja kwenye josho au kwenye kibanio cha chanjo, mtaalamu apime wote. Kumwita kwa ng'ombe mmoja ni ghali. Kwa ng'ombe 60 kila mtu analipa kidogo, na ni kidogo kweli ukilinganisha na bei ya ndama wa miezi sita.

Jambo moja ambalo limenikera kwa miaka: mtu anapewa dawa ya kurudisha joto, anamchoma jike "asiyepandwa", na siku chache baadaye jike anatupa mimba. Dawa ile huvunja mimba. Asipopimwa, asichomwe.

Ukishajua ana mimba

Kwanza uulize unachohitaji ni nini. Kama ni ada ya shule, tazama zizini kuna nani mwingine: maksai, dume wa ziada, jike mzee aliyepimwa akakutwa mtupu. Hao ndio wa bucha. Kama hakuna mwingine, uza huyohuyo lakini muuze kama mwenye mimba, kwa mfugaji mwenzako, na useme waziwazi ni ya miezi mingapi. Jike mwenye mimba ya miezi sita kwa mtu anayetaka kufuga ni ng'ombe na nusu. Kwa mwenye bucha ni ng'ombe kasoro.

Kasoro kwa nini? Hapa nasema na mnunuzi. Ndama wa kienyeji anapokaribia kuzaliwa ana kilo 20 hivi. Ongeza maji ya chupa, kondo la nyuma na kizazi chenyewe. Vyote hivyo umevilipia mnadani kwa macho au kwa mizani, na vyote vinaishia shimoni, kwa sababu ndama wa tumboni hapiti kuwa nyama ya kuuza. Kwa hiyo kabla hujakubaliana bei, zunguka upande wa kulia, weka ngumi. Dalali atacheka. Mwache acheke.

Kama mimba iko mwezi wa mwisho, asipande lori kwenda popote. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinataka jike aliye katika asilimia 10 ya mwisho ya mimba asisafirishwe wala asichinjwe katika hali ya kawaida. Kwa ng'ombe hizo ni wiki nne za mwisho, kwa mbuzi siku 15. Nimewahi kupokea mbuzi aliyezaa njiani, watoto wamekanyagwa na wenzao kabla ya lori kufika.

Na ukiamua kumbakiza, mtunze. Miezi mitatu ya mwisho ndipo ndama anapokua kwa kasi. Usimpe dawa ya minyoo ya albendazoli katika siku 45 za kwanza za mimba, na dawa yoyote ya sindano mwambie daktari kwanza kwamba ana mimba.

Kiangazi kikikaza

Hapa ushauri wote wa juu unakuwa mgumu. Waliokuwa Longido na Monduli mwaka 2009, au Simanjiro mwanzoni mwa 2022, wanajua: majike ndio huanza kuanguka, hasa wenye mimba, kwa kuwa wanakula kwa ajili ya wawili. Kumwambia mtu asiuze ni kumwambia asubiri mzoga.

Ninachoshauri ni kuuza mapema na kuuza kwa mpangilio. Mvua za vuli zikikosa, usingoje Januari. Pima majike wote Novemba. Wanaotangulia kuuzwa ni madume na maksai, wakifuatiwa na majike wazee watupu. Wenye mimba changa na afya nzuri wabaki na kundi dogo ambalo malisho yako yanalitosha. Mwenye mimba ya miezi minane aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika, ambaye hawezi kusimama bila kuinuliwa, huyo huwezi kumwokoa kwa maneno; mwite mtaalamu aamue la kufanya papo hapo nyumbani, wala usimburute kwenye lori.

Msimu mwingine wa kuangalia ni Idi ya kuchinja. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, kauli inayotegemewa ni kuwa mnyama mwenye mimba hatoshi kwa udhuhia. Wanunuzi wengi wa mbuzi wa Idi hawajui hilo, na hawapimi. Muulize sheikh wako, kisha ukifika mnadani nunua beberu.

Machinjioni

Wenzangu, ukaguzi wa kabla ya kuchinja ufanyike mchana kukiwa na mwanga, siyo usiku kwa tochi ya simu. Majike wapite kwenye kibanio mmoja mmoja, anayetiliwa shaka atengwe.

Ikitokea mwenye mimba amechinjwa, iwe kwa ajali ya kuvunjika mguu au kwa kutojua, kizazi kisifunguliwe upesi. Kitolewe kikiwa kimefungwa, na kisifunguliwe kwa nusu saa angalau tangu mama alipokufa. Mtoto ambaye hajavuta hewa hufa humo taratibu bila kujitambua. Kosa kubwa ni la vijana wanaokimbilia kumtoa na kumpuliza puani wakidhani wanamwokoa. Wanamzindua ili ateseke, na hana dang'a la mama wala umri wa kuishi. Akitoka akivuta pumzi, aitwe mkaguzi, aondolewe maumivu mara moja.

Halafu mikono. Maji ya chupa na kondo la nyuma ndivyo vilivyobeba wadudu wengi wa brusela na wa homa ya Q, ugonjwa mwingine wa mifugo unaoambukiza watu. Anayeshika avae glavu zisizotoboka, aproni na buti, asiwe na kidonda kibichi, na mama mjamzito asikaribie kabisa. Mchunaji akianza homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma, akapewa dawa ya malaria mara mbili bila nafuu, amwambie daktari anafanya kazi wapi ili apimwe brusela. Kondo na vitu vingine vya kizazi wasipewe mbwa, wala visitupwe mtoni. Ni shimo refu, chokaa, na mfuniko.

Na majike wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa, acheni kuchinja, toeni taarifa. Ndivyo Homa ya Bonde la Ufa inavyobisha hodi. Mwaka 2007 ilipoingia Tanzania kutoka Kenya, Dodoma tuliiona, na ilishika watu waliogusa damu na mimba zilizotupwa.

Mwisho, pima na uandike. Chukua urefu wa ndama wa ng'ombe kwa sentimita, kutoka utosini hadi shina la mkia, ongeza 21, zidisha kwa mbili na nusu: umepata siku za mimba. Yule wa kwangu, 70 jumlisha 21 ni 91, mara mbili na nusu ni 227 na nusu. Andika pembeni namba ya hereni na kijiji alikotoka. Daftari langu siku ya mnada nalichukua kwapani, na aliyeuza namsomea yake kwa sauti ya chini, si mbele ya watu.

Yule mzee alirudi mwezi wa saba na maksai wawili. Nikamuuliza majike wako wapi leo.

"Wamepimwa wote. Mmoja tu ndiye hana kitu."

"Mbona hukuja naye?"

"Kijana anasema kapandwa juzi."